Dakota, DC-6B au Stratocruiser: ndege ipi ilimfaa mhudumu wa kike mwaka 1952?

Sare zilikaribia kufanana: koti na sketi ya kubana, kofia ndogo, glavu nyeupe, viatu vya kisigino, na ndani yake kibana tumbo ambacho msimamizi alikuwa na ruhusa ya kukikagua. Masharti nayo yalifanana. Uwe hujaolewa, mizani isipande, nywele zisiguse kola. Kilichomfanya mhudumu mmoja arudi nyumbani miguu imevimba baada ya kutua mara nane kwa siku, na mwenzake arudi na manukato ya Paris kwenye begi, ni aina ya ndege. Ndiyo maana tunalinganisha ndege kwanza, mashirika baadaye.

Tumechukua Marekani ya mwaka 1952 kwa sababu mwaka huo ndege tatu za vizazi tofauti zilikuwa zikibeba abiria kwa wakati mmoja, zote za pangaboi na injini za pistoni. Ya kwanza ni Douglas DC-3, ambayo wazee wa huku kwetu wanaijua kwa jina la Dakota. Ya pili ni Douglas DC-6B, iliyoanza kazi 1951. Ya tatu ni Boeing 377 Stratocruiser, yenye ghorofa mbili, iliyoanza kubeba abiria wa Pan American, shirika la ndege la Marekani, mwaka 1949. Jeti hazikuwa zimefika: Uingereza ilianza safari za Comet Mei 1952, lakini Pan American ilisubiri hadi Oktoba 1958 kuingiza Boeing 707.

| | DC-3 | DC-6B | Stratocruiser |
|---|---|---|---|
| Viti | 21 hadi 28 | 54 hadi 82 | 55 na zaidi, pamoja na vitanda hadi 28 |
| Wahudumu | 1 | 2 au 3 | 3 au 4, wanaume na wanawake |
| Mwendo | kama km 290 kwa saa | kama km 500 kwa saa | kama km 500 kwa saa |
| Kimo cha kusafiri | mita 2,000 hadi 3,000 | kama mita 6,000 | hadi mita 7,600 |
| Hewa ya kabini | ile ile ya nje | imeshindiliwa | imeshindiliwa zaidi |
| Jiko | kabati na chupa za themosi | jiko la umeme la kupashia | jiko kamili mkiani |

Dakota: bosi ni wewe, mtumishi ni wewe

DC-3 husimama juu ya magurudumu mawili mbele na kigurudumu kidogo mkiani. Ikiwa chini, pua iko juu, mkia umekaa, na sakafu imeinuka kama njia ya kilimani. Mlango uko nyuma, upande wa kushoto. Abiria akishaingia anapanda mlima hadi kiti chake, na mhudumu anaupanda na kuushuka kila kituo, na kisigino chake, akibeba makoti, kofia na mtoto wa mtu. Kosa la mgeni wa kazi lilikuwa kushuka akiwa amebeba vitu mikono miwili. Mkono mmoja ulitakiwa ubaki huru, ushike migongo ya viti.

Jiko halikuwepo. Palikuwa na kabati karibu na mlango, lenye chupa kubwa za themosi za kahawa na supu, na masanduku ya chakula kilichopikwa chini. Themosi ilijazwa uwanjani kabla ya kuondoka, kwa hiyo ndege ikichelewa saa 2 abiria wa kituo cha nne anakunywa uvuguvugu. Abiria hakuijua sababu, alimwona mhudumu tu. Na hata pangekuwa na jiko, kwenye mita 2,400 bila hewa ya kushindiliwa (inayosukumwa ndani ya kabini isiwe nyepesi kama ya nje) maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, na chai ya majani haikolei vizuri.

Meza za kukunja mgongoni mwa kiti nazo hazikuwepo. Utaratibu ulikuwa huu: mpe abiria mto, auweke mapajani; laza trei juu ya mto, ukingo mrefu uelekee kwake; supu kwenye kikombe, kamwe si kwenye bakuli; kahawa theluthi mbili ya kikombe, basi. Anayejaza kikombe hadi juu ili asirudi tena atarudi na kitambaa cha kufutia suruali ya mtu.

Sasa kutapika, na hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu kwenye Dakota hili lilikuwa sehemu ya kazi sawa na kugawa trei. Ndege inayopita mita 2,000 alasiri ya kiangazi inapita katikati ya hewa moto inayopanda kutoka mashambani na hewa baridi inayoshuka. Inadunda. Mhudumu mzoefu alianza kazi hiyo kabla ya kupaa. Aliyekuwa na uso wa wasiwasi aliketishwa karibu na bawa, kwa kuwa pale ndipo ndege inapoyumba kidogo zaidi; mkiani ndiko kubaya. Mfuko alipewa mkononi mapema, haukusubiri aombe. Akianza kutokwa jasho: fungua tundu la hewa juu yake, legeza tai, kichwa kiegemee kiti, asisome gazeti. Akishatapika, mfuko uondoke mara moja kwenda nyuma, kwa sababu harufu ikifika safu ya pili una wagonjwa wanne. Dawa ya Dramamine ilikuwa sokoni tangu 1949, lakini inahitaji nusu saa au zaidi kabla ya safari ndipo ifanye kazi, na vipande vingine vya safari vilikuwa vya dakika 30. Kumpa mtu kidonge wakati tayari amekunja uso ilikuwa kumpa kitu kingine cha kutapika.

Masikio yalikuwa taabu ya pili. Hewa ya ndani ni ile ile ya nje, basi ndege ikishuka kila sikio linashuka nayo. Marubani walishuka taratibu, kama mita 90 hadi 150 kwa dakika, na mhudumu aligawa chingamu au peremende ili watu wameze mate. Watoto wachanga walihitaji ujanja zaidi. Mama wengi walimaliza chupa ya maziwa wakati wa kupaa, mtoto akalala, na wakati wa kushuka akaamka akilia kwa maumivu. Dawa ni kumwambia mama abakize nusu ya chupa na amwamshe mtoto ndege inapoanza kushuka, hata kama inauma kumwamsha. Kalamu za wino nazo zilivuja mifukoni kwa sababu hiyo hiyo ya hewa. Mhudumu anayesahau kuonya abiria wenye mashati meupe anajitafutia maneno.

Mashirika madogo yaliyounganisha miji ya wilaya yaliiendesha Dakota kama basi. Kwenye vituo vifupi rubani alizima injini ya kushoto tu, upande wa mlango, na ya kulia ikaachwa ikinguruma ili muda usipotee. Ndani ya dakika hizo chache mhudumu anafungua mlango, anahesabu wanaoshuka, anakagua majina ya wanaopanda, anaokota magazeti, anabadilisha vitambaa vya kuegemezea vichwa vitini, anahesabu tena. Hesabu isipolingana na karatasi, kuna mtu ameshuka mji usio wake. Ilitokea mara nyingi kuliko abiria walivyodhani, kwa kuwa tangazo lilitolewa kwa mdomo juu ya mngurumo wa injini.

Faida yake? Hakuna aliyekuwa juu yako nyuma ya mlango wa marubani. Unapanga kabini yako utakavyo, unajua abiria kwa majina, na jioni mara nyingi unalala kitandani kwako.

DC-6B: kazi ya kiwandani, lakini kiwanda kizuri

Ndege hii ina gurudumu la puani, kwa hiyo sakafu iko sawa tangu mlangoni. Peke yake hilo lilipunguza nusu ya maumivu ya mgongo. Hewa ya kabini imeshindiliwa: nje mko mita 6,000, ndani mwili unahisi kama mko mita 2,400 au chini ya hapo. Mnapita juu ya sehemu kubwa ya hewa inayodunda. Si yote, maana mawingu ya radi hupanda mbali kuliko mita 6,000 na ndege ya pistoni haikuweza kuyaruka. Iliyazunguka au iliyavumilia.

Chakula kilikuja kimepikwa kutoka jikoni la uwanja wa ndege na kupakiwa kwenye makabati yanayotunza joto kwa umeme. Kazi yako ni kupanga trei, kupasha, kupeleka na kukusanya. Ugumu uko kwenye saa. Nyama iliyopakiwa mapema na ndege ikakaa uwanjani saa nzima inakauka kama soli, na njegere zinakunjamana. Mjuzi aliangalia saa ya kupakia kabla ya kusaini. Aliangalia pia idadi: trei zikipungua moja, inayokwenda kwa abiria ni ile ya mhudumu, naye anakula biskuti amesimama.

Tufanye hesabu ya kawaida. Abiria 54, wahudumu wawili, kila mmoja trei 27. Ukichukua dakika 2 kwa trei, kugawa ni dakika 54. Kukusanya ni karibu nusu saa. Ongeza vinywaji na sigara, kwa sababu kila mtu alivuta na vibweta vya majivu vilijaa. Safari ya New York kwenda Chicago, chini ya saa 3, ilikuwa imekwisha kabla hujaketi. Ndio maana tunasema kiwanda.

Swali la kuuliza kuhusu DC-6B lilikuwa daraja. Tarehe 1 Mei 1952 Pan American ilianza safari za nauli ya chini kuvuka Atlantiki kwa DC-6B zenye viti 82. Ndege ile ile iliyobeba watu 54 kwa mvinyo ilibeba 82 kwa chakula cha kawaida, na kabini haikurefuka. Njia ya katikati ikawa nyembamba, vyoo vikawa na foleni. Upande wa pili, abiria wa nauli ya chini hawakudai mambo mengi. Wengi walikuwa wakipanda ndege kwa mara ya kwanza na walishukuru kwa blanketi.

Injini zake, Pratt & Whitney R-2800, zilisifika kwa kutokusumbua, na kwa mhudumu hili ni jambo la maisha ya kila siku: injini isiyozimika ni usiku usiolazwa kwenye mji usioujua, ukiwafariji watu 54 wenye hasira. Historia yake ya mwanzo ilikuwa mbaya. DC-6 za kwanza zilisimamishwa zote Novemba 1947 hadi Machi 1948, baada ya moto uliotokana na mafuta yaliyomwagika wakati wa kuhamishwa kati ya matangi na kuvutwa na tundu la hewa la kipasha joto cha kabini. Kufikia DC-6B, tatizo hilo lilikuwa limeshatatuliwa.

Kelele ilikuwa mbaya zaidi kwenye safu zilizokaa sambamba na mapanga. Kutoa maelezo pale ni kupoteza sauti. Nenda sikioni, au andika kwenye karatasi.

Stratocruiser: hoteli inayotikisa mkia

Picha zote nzuri za enzi hizo zinatoka humu. Ghorofa ya juu viti, ngazi ya mzunguko, chini ukumbi wa vinywaji wenye viti 14. Hewa yake ilikuwa bora kuliko zote: hadi mita 4,700 kabini ilibaki kama usawa wa bahari, na kwenye mita 7,600 ndani palikuwa kama mita 1,700 hivi, urefu wa Nairobi. Mwili uliijua tofauti hiyo baada ya saa kumi. Kichwa hakikugonga, chai ilikolea.

Lakini tazama kazi ya usiku mmoja. Baada ya chakula cha jioni, chenye vyombo vya kaure na vyakula vinavyofuatana kimoja baada ya kingine, vitanda vinaanza. Kitanda cha chini kinatokana na viti viwili vinavyotazamana, vinavyovutwa hadi vikutane. Cha juu kinashushwa kutoka ubavuni mwa dari kama kabati. Abiria anaombwa ashuke ukumbini akanywe kitu. Unaondoa mizigo yake midogo, unavuta viti, unafungua komeo la juu, unatoa godoro, shuka mbili, blanketi, mto. Unachomeka shuka upande wa ukuta kwanza, kwa sababu ukianza upande wa njia huwezi tena kufika ukutani bila kupanda kitandani, na sketi ile haipandiki. Foronya, pazia, taa ndogo, ngazi ya kupandia. Tuseme umekuwa hodari na unatumia dakika 5 kwa kitanda. Vitanda 28 ni dakika 140 za mtu mmoja. Na ukumbi wa chini una viti 14 tu, kwa hiyo huwezi kuwashusha wote kwa mkupuo. Wanakuja kwa zamu, wengine wamelewa, na kila mmoja anaamini kitanda chake kilitakiwa kuwa cha kwanza.

Asubuhi kila kitu kinarudishwa kinyume, na katikati yake kuna kifungua kinywa kitandani.

Ngazi ya mzunguko ilipendeza kwa abiria aliyekuwa na glasi moja. Kwa mhudumu mwenye trei ya glasi nane ilikuwa mtego. Walifundishwa kushuka trei imeegemea nyonga, mkono wa pili kwenye nguzo, kisigino kikikanyaga sehemu pana ya kidato, yaani upande wa nje. Jiko lilikuwa nyuma kabisa, na mkia wa ndege hiyo kubwa ulipiga kushoto na kulia muda wote. Aliyepangiwa jiko alisimama huko usiku kucha. Wengine walizoea. Wengine waliomba wahamishwe baada ya mwezi.

Kwenye Pan American mhudumu wa kike hakuwa bosi moja kwa moja. Shirika hilo lilikuwa la wahudumu wanaume hadi 1944, na mkuu wa kabini kwa kawaida alikuwa mwanamume mzoefu. Waliomba pia lugha ya pili, na ndiyo iliyofungua mlango kwa wengi kuliko sura. Mwaka 1955 shirika hilo lilianza kuajiri Wamarekani wenye asili ya Japani kwa ajili ya njia za Pasifiki.

Hesabu ya mshahara, ambayo watu huisahau

Malipo yalifuata saa za kuruka: tangu ndege inaondoka kwenye maegesho hadi inaposimama. Saa za kusimama uwanjani, kukagua mizigo na kupanga trei hazikuwa saa za kuruka. Ellen Church na wauguzi wenzake saba walioanza kazi hii Mei 1930 kwenye Boeing Air Transport walilipwa dola 125 kwa mwezi kwa saa 100. Chama chao cha kwanza kiliundwa 1945 na Ada Brown wa shirika la United, na mkataba wa 1946 ulishusha kikomo hadi saa 85 kwa mwezi.

Chukua hizo 85 uzipige kwa kila ndege. Dakota: siku moja ya vipande vinane vya dakika 35 ni saa 4 na dakika 40 za kuruka. Vituo saba vya dakika 20 ni saa 2 na dakika 20 nyingine, na saa moja ya kuripoti mapema. Umekuwa kazini saa 8, umehesabiwa chini ya 5. Kufikia 85 unahitaji siku 18 au 19 za namna hiyo.

Stratocruiser: New York hadi London kama saa 12 upepo ukiwa nyuma, na tuseme 16 kurudi, pamoja na kutua njiani kujaza mafuta. Safari moja ya kwenda na kurudi ni saa 28. Safari tatu, mwezi umekwisha. Katikati unalazwa hotelini kwa gharama ya shirika. Kwa upande wa fedha kwa kila saa ya maisha yako, hapa Dakota haina la kusema.

DC-6B iko katikati, lakini karibu zaidi na Stratocruiser kwenye njia ndefu, na karibu na Dakota kwenye njia fupi. Uliza njia kabla ya kuuliza ndege.

Hatari

Kwenye ndege ya mhudumu mmoja, mhudumu huyo mmoja ndiye mpango mzima wa uokoaji. Januari 14, 1951, DC-4 ya National Airlines iliteleza nje ya barabara ya kutulia huko Philadelphia na kuwaka. Mhudumu pekee, Mary Frances Housley, mwenye miaka 24, alitoa abiria 10 mlangoni na kurudi ndani. Alikutwa amefariki akiwa na mtoto mchanga mikononi. Kwenye Dakota hali ni ile ile: mlango mmoja mkubwa nyuma, madirisha ya dharura, na wewe.

Stratocruiser ilikuwa na adui mwingine, injini za silinda 28 na mapanga yaliyowahi kukatika. Aprili 1952 moja ya Pan American ilianguka msitu wa Brazili baada ya injini kung'oka, wakafa wote 50. Upande mwingine wa mizani ni Oktoba 16, 1956. Safari namba 6 ya Pan American kutoka Honolulu kwenda San Francisco iliharibikiwa injini mbili na ikatua majini kando ya meli ya walinzi wa pwani, Pontchartrain. Ilizunguka juu ya meli hadi alfajiri. Muda huo ndio uliotumiwa na mkuu wa kabini Patricia Reynolds na wenzake wawili wa kike: kuwahamisha abiria kutoka mkiani, kwa sababu ilijulikana kutoka ajali ya mwaka uliotangulia kwamba mkia hukatika, kukusanya vitu vyenye ncha, kuwavua viatu, kuwavisha majaketi ya kuokolea, kuwaeleza nani anamsaidia nani. Mkia ulikatika kweli. Watu 31 walitoka, wote hai.

Kwa maoni yetu, tofauti hapa ni idadi ya mikono. Wahudumu watatu wenye saa tano za kujiandaa wanaweza mengi. Mmoja mwenye dakika moja anaweza alichoweza Housley.

Basi uchague ipi

Kabla ya kuchagua, kumbuka kwamba si kila mtu aliulizwa. Mwaka 1952 hakuna shirika kubwa la Marekani lililokuwa limempa kazi hiyo mwanamke mweusi. Léopoldine Doualla wa Kameruni aliajiriwa na shirika la Kifaransa la UAT mwaka 1957, na Ruth Carol Taylor aliruka na Mohawk, shirika la Marekani, Februari 1958, akaondolewa miezi sita baadaye alipoolewa.

Sheria hiyo ya ndoa ndiyo inayobadilisha mahesabu yote. Ukiolewa, umekwisha. Kuanzia mwisho wa 1953 American Airlines iliongeza nyingine: kwa wanaoajiriwa upya, mwisho ni miaka 32. Wakati huo huo, njia nzuri zilitolewa kwa ukongwe. Kila mwezi karatasi ya njia ilibandikwa, kila mmoja akaandika anayoitaka, na mkongwe akapata kwanza. Ukongwe huo haukuhamishika kutoka shirika moja kwenda jingine. Kwa hiyo ushauri uliotolewa na wengi, "anza na Dakota upate uzoefu, kisha uhamie kubwa", ulikuwa ushauri mbovu. Ukihama unaanza mwisho wa foleni, na umri umekwenda. Msichana wa miaka 22 aliyetaka Paris alitakiwa kuomba Pan American siku ya kwanza, akiwa na Kifaransa chake, hata kama angesubiri barua miezi sita.

Dakota tungempa anayependa kujitawala, mwenye mama mgonjwa nyumbani au mchumba mjini, na tumbo lisilogeuka. Stratocruiser tungempa anayelala popote, anayejua lugha, na asiyejali kuamriwa na mkuu wa kabini. Lakini ukitulazimisha tuchague moja kwa mtu tusiyemjua, tunachagua DC-6B ya daraja la kwanza kwenye njia ndefu: sakafu sawa, injini zisizokuangusha, mwenzako wa kusaidiana naye, na hakuna kitanda hata kimoja cha kutandika kwenye nyingi zake.

Ndege nyingine ukizikuta kwenye karatasi

Convair 240: viti 40, hewa ya kushindiliwa, ngazi yake yenyewe. Ukiwa huna budi kufanya njia fupi, iache Dakota uichukue hii.

Super Constellation: nzuri kuliko zote kwa macho, jiko zuri, lakini injini zake zilikuwa na sifa ya kuzimwa njiani. Beba nguo ya kubadilisha ya ziada.

Argonaut ya BOAC, shirika la Uingereza, iliyokuja Nairobi na Entebbe: mwili wa Douglas, injini za Rolls-Royce Merlin, kelele nyingi. Ndiyo iliyomleta Princess Elizabeth Kenya kutoka London mwanzoni mwa 1952 na kumrudisha akiwa Malkia, baada ya Dakota ya East African Airways kumtoa Nanyuki hadi Entebbe. Kwa mhudumu wa njia hiyo tatizo lilikuwa joto la uwanjani kabla ya kupaa. Maji ya kunywa yagawiwe ndege ikiwa bado chini, usisubiri juu.

Viscount: Uingereza ilianza safari za kawaida nayo Aprili 1953. Ina mapanga, lakini yanazungushwa na injini ya tabo (turbine), si pistoni, na mtetemo ulipungua kiasi kwamba abiria walisimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza na haikuanguka. Humo kikombe kingeweza kuzidi theluthi mbili.